Fomu ya ADHD inamtaka mama, na mama hasomi Kiingereza

Rukia:
Wanajamvi, salaam. Baada ya foleni ya miezi 18 nimepata barua ya kliniki ya ADHD, ile hali ya akili kushindwa kutulia na kumakinika. Wanataka ASRS, yaani dodoso la dalili kwa watu wazima (nimeshajaza), ripoti za shule ya msingi, na fomu ijazwe na aliyenilea, aeleze nilivyokuwa kabla ya miaka 12. Mama anasoma Kiswahili tu. Je, dada yangu anaweza kumsomea, akaandika majibu na kutia saini yeye? Nimepiga simu, nikaambiwa nisome barua. Nina wiki 3, na barua yenyewe nimeshaipoteza mara mbili. Jana niliikuta kwenye friji, msiniulize.

Mama Pacha:
Pole mwaya. Mimi niligundulika nina miaka 43. Kabla ya hapo nilimeza dawa za sonona miaka sita, kumbe sonona ilikuwa moshi tu, moto uko kwingine. Darasani sikuwa mtundu, nilikuwa natazama dirishani. Wasichana wengi tuko hivyo, akili inazurura mwili umetulia, mwalimu atakuona saa ngapi? Halafu estrojeni ikishuka mambo yanazidi. Wiki moja kabla ya hedhi siwezi kumaliza hata barua pepe ya mistari miwili.

Kaka Idi:
Siku hizi kila mtu ana ADHD. Wekeni simu chini. Na kigezo ni miaka 7, si 12.

Mama Pacha:
Kaka Idi, 7 ni ya DSM-IV, toleo la zamani la kitabu cha Marekani cha vigezo vya magonjwa ya akili. DSM-5 ilitoka 2013, ikasema 12, na mtu mzima anahesabiwa dalili 5 badala ya 6. Nilipokuwa natazama dirishani hizo simu zako hazikuwepo.

Zawadi:
Tusikimbilie. GP wangu, daktari wa kawaida, alianza na kupima damu, akakuta madini ya chuma yako chini kabisa. Tezi ya shingo nayo ikilegea inaleta usahaulifu huohuo. Na ASRS haimpi mtu ugonjwa, jamani! Ukipata 4 kati ya maswali 6 ya sehemu A, maana yake uchunguzwe zaidi, basi.

Rukia:
Damu nilishapima, iko sawa. Naulizia saini.

Bi. Hadija:
Wanangu, mimi nilipokuwa nyumbani sikujua kama nina tatizo. Nyumba imejaa watu: huyu anakuuliza funguo umeweka wapi, yule anazima jiko uliloliacha linawaka, mwingine anakusukuma uoge mtachelewa. Huku ugenini niko peke yangu na barua zangu. Nimelipa faini za kuchelewa mpaka naona aibu kuwaambia wanangu. Nikikumbuka kelele zile, machozi.

Kaka Idi:
Hilo la faini, Bi. Hadija, hata mimi. Hivi hiyo methilfenideti, dawa ya ADHD, mtu anaruhusiwa kusafiri nayo?

Zawadi:
Inadhibitiwa, usibebe bila barua ya daktari, na kila nchi ina masharti yake. Ila hata kuandikiwa bado, kwanza wanapima presha na mapigo ya moyo.

Rukia:
Asanteni wote. Kwa hiyo dada atie saini au asitie?

Zawadi:
Muulize Mama Pacha, yeye alishapita huko.

Mama Pacha:
Mama yangu alikuwa ameshafariki, nikamtumia shangazi. Kurasa nne, akaandika mstari mmoja: "Alikuwa mtoto mzuri, hana usumbufu." Wakanirudishia.