Nimepata nafasi ya masta Ujerumani. Kama ni bure, hizi milioni 30 ni za nini?

Binti_wa_Mlali

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi.

Nilimaliza digrii ya misitu pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo najitolea kwenye mradi wa miche na jioni nafundisha tuisheni. Mwezi uliopita nimepata barua ya kukubaliwa kusoma masta ya misitu kwenye chuo kimoja cha serikali Ujerumani, masomo yanaanza Oktoba na yanafundishwa kwa Kiingereza. Nyumbani vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Nikawaambia wote kwa kujidai: ada hakuna, ni bure.

Juzi nimesoma masharti ya viza vizuri, nikakuta natakiwa niwe na euro 11,904 kwenye akaunti. Nimepiga hesabu, ni zaidi ya milioni 30 za kwetu. Mjomba wangu, ambaye ndiye alikuwa tayari kuuza kiwanja anisaidie, kaniuliza swali moja tu: "Si ulisema bure?" Nikakosa jibu. Sasa anahisi ama nimetapeliwa, ama mimi ndiye tapeli.

Naomba mliosoma huko mnieleze, hii hela inaenda wapi? Na maisha ya chuo kule yakoje hasa, achaneni na picha za theluji. Kitabu sikiogopi, GPA yangu ni 4.1, ila sijawahi kuvuka hata Namanga.

Mzee_wa_Baiskeli

Marahaba binti, na hongera. Kabla ya yote: hiyo GPA ya 4.1 usiitaje mbele ya Mjerumani. Kwao 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4.0 ni kuponea chupuchupu na 5.0 umeanguka. Mimi niliitaja wiki ya kwanza, mwenzangu akanishika bega kwa huruma.

Tuanze na mjomba. Hiyo hela si ada, na hakuna anayeila. Inaitwa Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa. Unaiweka kwa jina lako kabla ya kusafiri, ukifika inafunguliwa kidogo kidogo, euro 992 kila mwezi, mpaka mwaka uishe. Mwambie mjomba hivi: ni kama zile za bweni, mzazi anamwachia matroni hela ya matumizi, mtoto anapewa kwa vipimo asije akaila yote wiki ya kwanza. Serikali yao inataka tu kujua hutalala njaa. Ila mwambie na hili, asije akalisikia kwa mwingine: usitegemee irudi mwishoni. Utakula nayo, utalipia chumba nayo, utalipia bima nayo.

Sasa hilo swali lako la pili. Baridi utaizoea, koti linauzwa. Lugha utajikongoja. Kilichonitesa mimi ni kwamba kule hakuna CR, yule mwakilishi wa darasa.

Nadhani unanielewa. Sisi tumelelewa na CR. CR ndiye anatuma kwenye grupu "jamani kesho test saa mbili", CR ndiye anaenda kumwomba mwalimu asogeze siku, CR ndiye anajua nani hajasaini. Kule kila mtu ni CR wa nafsi yake. Hakuna anayeita majina darasani, usipokuja hakuna anayeuliza, na hawakuchukii. Wanakuhesabu wewe ni mtu mzima.

Muhula wangu wa kwanza nilihudhuria kila kipindi kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Februari. Somo la takwimu za misitu nilikuwa nalijua kiasi kwamba wenzangu walikuwa wanakuja chumbani kwangu niwaelekeze. Siku ya mtihani nimefika nusu saa kabla. Ukumbi mkubwa, tumekaa kwa kuruka viti viwili, kila mtu kaweka kitambulisho kwenye kona ya meza. Akapita dada mmoja msaidizi na orodha na penseli. Akasoma jina langu kwenye kitambulisho, penseli ikashuka kwenye karatasi, ikafika chini, ikapanda tena, ikashuka mara ya pili taratibu zaidi. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, asinitie aibu: wewe haumo kwenye orodha.

Kumbe kuhudhuria somo ni kitu kimoja na kujiandikisha mtihani ni kitu kingine. Unajiandikisha mwenyewe kwenye mfumo wa mtandaoni, kuna tarehe ya mwisho, na tarehe yangu ilikuwa imepita siku nane. Nikaanza ile lugha yetu: naomba nisaidie, nimetoka mbali, nipo hapa tangu Oktoba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema pole, akanionyesha mlango. Hakufoka, na hiyo ndiyo iliyoniuma, maana mtu akifoka unajua bado kuna nafasi ya kumbembeleza. Nikatoka na kalamu zangu tatu. Nje theluji ilikuwa imegeuka tope.

Nilimwandikia profesa barua pepe ndefu, nikaeleza mpaka habari za familia. Jibu lilikuwa mistari miwili: njoo saa ya kuonana na wanafunzi, Alhamisi, 10:15. Nikaenda nimejiandaa kupiga magoti. Akanipa kiti, akafungua kalenda, akanionyesha mtihani wa marudio mwishoni mwa Machi, akanionyesha pa kubonyeza ili nijiandikishe, akasubiri nibonyeze palepale. Dakika kumi tukamaliza. Nilifanya Machi, nikapata 1.7. Hakuna aliyenikatia maksi kwa sababu ni "sapu", maana nilikuwa sijafeli, nilikuwa sijafanya tu.

Lakini uliza mapema kanuni za mitihani za kozi yako. Vyuo vingi wanakupa nafasi tatu kwa somo. Ukianguka ya tatu kwenye somo la lazima, hiyo ni disko, unaondolewa chuo, na kozi ya aina ileile hawakupokei hata ukihamia chuo kingine cha Ujerumani. Ukiumwa siku ya mtihani, cheti cha daktari kiwafikie haraka. Usikae kitandani ukidhani watakuelewa baadaye.

Jambo la pili ni barua za karatasi. Kule mambo ya maana yanakuja kwa posta, kwenye kisanduku chenye jina lako. Mimi barua nisiyoielewa nilikuwa naitia kwenye droo. Kulikuwa na moja ya ada ya redio na televisheni. Nikacheka, mimi hata redio sina. Ada ile hailipwi kwa kuwa na redio, inalipwa kwa kuwa na nyumba: euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, wanadai ya miezi mitatu kwa mpigo, 55.08. Droo ikameza barua tatu. Ya nne ilikuja na faini ya euro 8 juu yake. Kichekesho ni kwamba tulikuwa wanne kwenye nyumba ile na mmoja wetu alikuwa tayari analipa kwa niaba ya wote. Ningewajibu tu kwa namba yake ya malipo, yangekwisha siku ya kwanza. Ukipata barua usiyoielewa, beba mpaka jikoni, mwonyeshe unayeishi naye.

Mazuri yapo. Ukiona ratiba imeandika saa 10 c.t. (saa zao hizo, kwetu ni saa nne asubuhi), mwalimu anaanza 10:15, ikiandikwa s.t., ni 10:00 kamili na usichelewe. Kipindi kikiisha wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, ndiyo makofi yao. Mara ya kwanza nilidhani wamemkasirikia mwalimu. Na darasani kwenu lazima mtatajiwa Carlowitz, bwana aliyekuwa anasimamia migodi Saxony. Migodi ilikuwa inakula kuni mpaka milima inabaki uchi, naye mwaka 1713 akaandika kwamba mtu asivune kuliko kinachoota. Wanamtaja kama sisi tunavyomtaja babu. Darasani kwetu, slaidi iliyofuata baada yake ilikuwa Amani, Usambara, kituo cha utafiti walichokianzisha Wajerumani mwaka 1902. Mimi field yangu, mafunzo ya vitendo, nilifanyia Amani! Profesa akaniuliza kuna nini pale leo. Nikaongea dakika ishirini, ukungu, iliki, akina mama wanaoshuka na kuni kichwani. Yule profesa aliandika. Mimi nasema, yeye anaandika.

Nyali_Kaskazini

Hujambo dada. Mimi ni wa Mombasa, nilisoma upande wa Stuttgart. Mzee kaeleza vizuri, ila hilo neno "bure" nalirekebisha kidogo. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula, tangu muhula wa baridi wa 2017. Na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kilianza kutoza mwaka 2024, masta ni kati ya euro 4,000 na 6,000 kwa muhula. Kwa hiyo mwanzo tazama chuo chako kiko jimbo gani, ndipo umwendee mjomba. Hata pasipo ada kuna mchango wa kila muhula, mara nyingi mia moja na kitu hadi mia tatu na kitu, na vyuo vingi vinaunganisha humo tiketi ya treni na basi.

Bima nayo haina mjadala. Ya mwanafunzi kwa mwaka 2025 ilikuwa kama euro 145 kwa mwezi, nayo ni mpaka utimize miaka 30. Ukishapita hapo bei ya mwanafunzi basi tena. Waulize mapema kama umri wako unakaribia huko.

Na Ramadhani ikiangukia siku za joto, jua linazama saa tatu unusu za usiku. Utajijua mwenyewe.

Mtu_wa_Tunduru

Mmesahau chumba. Binti, anza kutafuta LEO, usingoje viza. Omba bweni la wanafunzi siku hiyohiyo unayothibitisha nafasi, foleni yake huwa ni ya miezi. Mimi nililala sakafuni kwa Mghana mmoja wiki tatu, Mungu ambariki, na shida haikuwa sakafu. Ukihamia unatakiwa ujiandikishe manispaa ndani ya wiki mbili, na huandikishwi bila karatasi ya mwenye nyumba kuthibitisha unaishi kwake. Mwenye nyumba wa Mghana aligoma kuandika. Bila karatasi hiyo, na kibali cha kuishi kinakwama.

Mtu akikutumia picha za chumba kizuri katikati ya mji kwa bei chee, anasema yuko safarini nje ya nchi, tuma amana kwanza utapokea funguo kwa posta: huyo mwizi. Wa huko ni kama wa hapa, tofauti anaandika kwa heshima.

Mzee, hujasema kwa nini unaitwa wa Baiskeli.

Mzee_wa_Baiskeli

Nilikamatwa usiku bila taa. Euro 20. Kesho yake nikanunua taa nzuri kuliko baiskeli yenyewe.

Binti_wa_Mlali

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Chuo changu hakipo Baden-Württemberg wala si cha München, nimehakikisha. Nina miaka 27. Leo asubuhi nimemweleza mjomba ule mfano wa matroni, akacheka, akasema angalau sasa anajua anauza kiwanja kwa ajili ya nini. Ila kaongeza swali: naweza kufanya kazi kule nimrudishie? Na kaniuliza kingine, huyo Mzee wa Baiskeli alirudi au amebaki hukohuko?

Mzee_wa_Baiskeli

Kazi unaruhusiwa, siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Kipindi cha masomo usizidi saa 20 kwa wiki, bima ya mwanafunzi italeta maneno. Iliyo nzuri ni kuwa msaidizi chuoni, wenyewe wanaita HiWi, maana haihesabiwi kwenye zile siku 140. Mimi nilikuwa HiWi wa maabara ya udongo, nakausha sampuli, nachekecha, napima. Muhula wa kwanza lakini usiguse kazi, hata mjomba akikuandikia. Mimi deni nililokopa kwa kaka yangu nililimaliza mwaka wa pili, na lilikuwa dogo kuliko lako, kwa hiyo mwambie mjomba asihesabu miezi.

Mwambie nilirudi. Nipo Mafinga, kwenye misonobari ya Sao Hill, asubuhi baridi ileile. Baiskeli nilimwachia Mnepali aliyechukua chumba changu. Taa nilikuja nayo, umeme ukikatika ndiyo tunayolia ugali.

Ukishapanga tarehe ya ubalozi niandikie inboksi, nikutumie orodha ya karatasi nilizobeba. Na siku ukifika, kabla hujafungua begi, uliza mtihani unaandikishwa wapi.