Wakili wa serikali amtetee mdaiwa, au dawa ya deni ni kulipa?

Mwenye pikipiki, Kondele:
Tukiwa matangani Jumamosi, shemeji akapigiwa simu na mtu asiyemjua: "Mwambie huyo mwizi wenu alipe." Mwizi ni mimi. Nilikopa 4,000 kwa simu, nikalipa zote, ujumbe wa M-Pesa ninao hadi leo. Halafu sacco wakaninyima mkopo, ati jina liko CRB, kwenye kumbukumbu za wasiolipa mikopo. Nikauliza wakili wa bure. Kumbe Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 hapa Kenya, inayowapa wasiojiweza wakili kwa pesa ya serikali, imeacha nje kesi za kudai madeni, za kufilisika na za kuchafuliwa jina. Mimi nina mbili kati ya hizo. Ibadilishwe ama ibaki?

Mweka hazina wa chama, Nakuru:
Ibaki. Chama chetu kimetorokwa na wawili, na wote walikuwa na maneno matamu kukushinda. Ukimpa kila mdaiwa wakili kwa pesa ya ushuru, nani atakopesha tena? Tena wewe huhitaji wakili. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kutisha, kutukana na kuwapigia watu walio kwenye simu yako. Peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, anayelinda taarifa za watu. Sheria inampa siku 90 amalize. Mwaka 2023 alitoza kampuni moja faini ya Sh2,975,000.

Mwenye pikipiki:
Sawa, matusi yana pa kwenda. Na CRB? Mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kukuorodhesha. Sikuona hata moja. Ripoti ya bure ya CRB mara moja kwa mwaka ni haki yangu, lakini kuandika barua ya kupinga, ikubalike, ndipo mtu wa darasa la nane anapokwama.

Mama wa duka, Kakamega:
Mwanangu, watu watakutuma Mahakama ya Madai Madogo. Ni nzuri: madai hadi Sh1,000,000, siku 60, unajisemea mwenyewe. Ila kesi ya kuchafuliwa jina haisikilizwi pale. Na wanaokudai nao wanaijua njia hiyo, kwa hivyo karatasi ya mahakama usiifungie sukari.

Mimi nasimama katikati, na mweka hazina asinichukie. Deni la kweli likae nje ya msaada, nakubali. Deni lililokwisha kulipwa, au lisilo lako kabisa, hilo si kudai deni. Ni kumkosea mtu. Hapo serikali imlipie wakili, au angalau msaidizi wa kisheria wa kumwandikia ile barua.

Mweka hazina:
Mama, nakuheshimu. Lakini nani atapima la kweli na la uongo kabla kesi haijasikizwa? Wote wawili waliotutoroka wanasema walilipa.

Mwenye pikipiki:
Wakuonyeshe ujumbe wa M-Pesa. Mimi wangu nakuonyesha sasa hivi.