Wanaoijua Duluth, Marekani: watu wa kule wakoje?

Kijana wa Kirumba: Wakuu habari zenu. Dogo kapata chuo Duluth, Minnesota, sasa bi mkubwa hapa Nyakato, Mwanza, halali, anataka kujua watu wa kule wakoje. Mwenye kuujua huo mji atupe picha.

Mzee wa Sangara: Nimekaa kule mkuu. Mji mdogo, watu kama 86,000 tu, Ilemela peke yake inaumeza. Upo kwenye Ziwa Superior, ndo lile linaloizidi Victoria kwa ukubwa, na vilima vinashuka mpaka majini kama hapa kwetu. Watu wapole, wengi asili yao Sweden, Norway na Finland, hawana makelele, jirani anakusalimia vizuri halafu anaingia zake ndani, usisubiri akukaribishe chai. Ila gari likikwama kwenye theluji utashangaa anatoka na koleo bila kuitwa, anakuchimbua weee mpaka litoke, anaondoka hata jina hajakuuliza.

Mama Igoma: Sasa mtoto ataongea na nani jamani 😂

Mzee wa Sangara: Chuoni wapo wenzie mama. Jioni ashuke darajani, lilijengwa 1905 na tangu 1930 linanyanyuka juu meli za madini ya chuma zipite, meli inapiga honi daraja linajibu, watu wazima na wajukuu wao wanapunga mikono. Ndo starehe yao hiyo.

Kijana wa Kirumba: Na baridi?

Mzee wa Sangara: Hapo ndo kasheshe. Koti la soko la mitumba la Mlango Mmoja asahau, akanunue kulekule.