Nataka uigizaji uwe kazi: nianze na wakala, chuo, au video ya usaili?

Mgeni_Jukwaani ameuliza:

Habari zenu wakuu. Nina miaka 23. Nimecheza tamthilia za shule na filamu fupi moja ya wanafunzi, basi. Sasa nataka uigizaji uwe kazi, si jambo la wikiendi. Nina mambo matatu.

Moja, kuna wakala wa waigizaji amekubali kunichukua, ila anataka kwanza nilipe ada ya usajili na picha nipigwe na mpiga picha wake. Niende? Mbili, nimetumiwa kurasa mbili za skripti nijirekodi nyumbani na kutuma ndani ya siku tatu, na sijui hata simu niiweke vipi. Tatu, bila chuo inawezekana kweli?

Lenzi_Moja:

Nianze na la pili, maana ndilo lenye siku zinazohesabika.

Simu uilaze kwa upande, isisimame wima, isipokuwa kama maelekezo yamesema vingine. Tumia kamera ya nyuma, ubora 1080p unatosha kabisa. 4K itakupa faili zito lisilopakika. Iweke kwenye stendi au juu ya rundo la vitabu hadi lenzi iwe usawa wa macho yako. Ikikaa chini, wanaona tundu za pua. Ikikaa juu, unaonekana mnyonge hata kama mhusika ni bosi. Wewe kaa mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye simu, na usivute picha kwa vidole kwa sababu zumu ya namna hiyo inakula ubora. Fremu ianzie katikati ya kifua na iache nafasi ndogo juu ya nywele. Kisha gusa uso wako kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, la sivyo kila ukisogea picha itapauka na kurudi.

Dirisha liwe mbele yako, simu ikiwa kati yenu. Likiwa mgongoni umeshakuwa kivuli. Usiku tumia taa mbili, kushoto na kulia, ukizielekeza kwenye ukuta mweupe ulio mbele yako ili mwanga urudi ukiwa laini. Nyuma yako pawe ukuta mtupu, kijivu au bluu tulivu, na usimame kama mita moja kutoka ukutani kivuli chako kisikufuate. Vaa nguo ya rangi moja. Mistari myembamba inachezacheza kwenye kamera, na maandishi ya fulana yanasomwa kabla ya uso wako. Mhusika akiwa daktari, shati safi linatosha; koti la kuazima linachekesha.

Sasa penye matatizo zaidi: mtu wa kukusomea mistari ya mhusika mwingine. Huyo asimame ubavuni mwa lenzi, bega lake likikaribia kuigusa, na macho yake yawe urefu ule ule wa lenzi. Mtazame yeye, usiitazame lenzi. Akikaa mbali pembeni, sisi tunaona sikio lako sini nzima (tukio zima unaloigiza). Na kwa kuwa yuko karibu na maikrofoni kuliko wewe, asome kwa sauti ya chini, bila kuigiza. Video nyingi zinaharibiwa na msomaji anayepiga kelele hadi mwigizaji mwenyewe hasikiki. Zima feni na friji iliyo jirani, na funika sakafu kwa zulia kama chumba kinarudisha mwangwi.

Kabla ya sini, au baada yake kama walivyoelekeza, jitambulishe ukitazama lenzi: jina, urefu, nafasi unayoiomba. Sekunde kumi zinatosha, na usijitambulishe kwa sauti ya mhusika. Wakitaka picha ya mwili mzima, irekodi kipande cha pekee. Tuma majaribio mawili yaliyotofautiana kweli, si yale yale mara mbili. Usiweke muziki wala maandishi ya mapambo. Faili liitwe kama walivyoagiza, herufi kwa herufi, kwa sababu anayepokea ana mamia ya mafaili na lako likiitwa "video mpya 2" limekwisha kupotea.

Mzee_wa_Mazoezi:

Lenzi_Moja kamaliza ya kifundi. Mimi niingie kwenye kurasa zenyewe, maana ukuta wa kijivu haujawahi kumpa mtu kazi.

Zisome mara tatu kimya kabla hujafungua mdomo. Mara ya kwanza soma kama hadithi. Mara ya pili andika ukweli uliopo tu: wako wapi, saa ngapi, wanajuana vipi, nini kimetokea dakika tano kabla. Usiandike unachohisi. Mara ya tatu tafuta mhusika wako anataka nini *kutoka kwa mwenzake*, na ukiandike kwa kitenzi: kumbembeleza, kumtisha, kumchelewesha, kumfanya aone aibu. Kitenzi kinachezeka. "Nina huzuni" hakichezeki, ndiyo maana wanaoanza wanaishia kukunja uso.

Chukua mstari mfupi kama "Ufunguo uko wapi?" Kijana anamwambia baba yake. Kama anataka kutoroka kabla mama hajarudi, jicho lake liko mlangoni na maneno yanatoka haraka. Kama anajua baba kauficha na anataka akiri, anasema polepole na anasubiri jibu bila kupepesa. Kama anaogopa baba ataendesha gari akiwa amelewa, atauliza kwa upole na mkono ukiwa tayari umenyooka. Maneno ni matatu tu, na sini ni tatu tofauti. Chagua moja kwa sababu iliyomo kwenye kurasa, kisha jaribio la pili lichukue nyingine.

Weka mkwaju (/) kwa penseli kila mahali mhusika anapobadilisha mbinu. Kwenye kurasa mbili utapata mitatu hadi mitano. Ukikosa hata mmoja, umezisoma kwa namna moja na utazicheza kwa namna moja.

Kukariri: kariri bila kiimbo, kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa. Ukikariri na mahadhi yake, mahadhi yataganda. Siku mwongozaji akisema "jaribu ukiwa na hasira" utarudia wimbo ule ule. Funika mistari yako kwa karatasi, soma ya mwenzako, jibu, shusha karatasi. Fanya hivyo ukiosha vyombo au ukitembea. Kama mistari inabaki mikono ikiwa na kazi nyingine, imeshaingia. Kama inapotea, ulikuwa umekariri ukurasa ulivyo machoni, siyo mawazo.

Jambo la mwisho, na ndilo linalomtofautisha mtu: anayekuteua anakutazama zaidi *usipokuwa unaongea*. Mwigizaji mchanga akimaliza mstari wake uso unazima, anangoja zamu. Mwenzako akizungumza, sikiliza neno gani linakugusa, ndilo linalokuamsha kujibu.

Mgeni_Jukwaani:

Aisee, asanteni sana. Nimegundua skripti inasema mhusika "analia" mwishoni. Machozi kwangu hayaji kwa amri. Na la wakala bado naombeni neno.

Mzee_wa_Mazoezi:

Usiyakimbilie. Mtu anayelia kweli huwa anajitahidi *asilie*: anameza mate, anatazama juu, anavuta pumzi katikati ya neno, anageuza mazungumzo. Cheza hiyo kazi ya kuzuia. Yakija, yamekuja, yasipokuja, mtazamaji ataona mapambano na inatosha. Usitumie kitunguu wala mafuta ya kuwasha, macho yatakuwa mekundu kuanzia mstari wa kwanza wakati mhusika bado anacheka. Na mbinu ya kujikumbusha msiba wako mwenyewe mimi siipendekezi kwa anayejifunza peke yake: inachosha, na kwenye kurudia mara ya nane haifanyi kazi tena.

Karani_wa_Mikataba:

La wakala ni jepesi: usilipe. Wakala halali anakula kamisheni kwenye kazi aliyokupatia, baada ya wewe kulipwa. Kiwango cha kawaida ni kati ya asilimia 10 na 20 kutegemea nchi na aina ya kazi. Kwa kazi zilizo chini ya chama cha waigizaji cha SAG-AFTRA kule Marekani ni asilimia 10. Anayedai ada ya usajili, au anakulazimisha kwa mpiga picha wake, kipato chake kinatoka mfukoni mwako, kwa hiyo hana haraka ya kukutafutia kazi. Alama nyingine: anakuahidi nafasi kwa uhakika, anataka usaini leo leo, hataji mwigizaji hata mmoja anayemwakilisha. Usaili wa chumba cha hoteli au nyumbani kwa mtu, usiku, usiende. Ukilazimika kwenda mahali usipopajua, nenda na mtu na uache anwani kwa mwingine.

Na hata akiwa halali, kwa sasa huna cha kumwonyesha. Wakala anahitaji vitu vitatu. Picha ya uso: kifuani kwenda juu, macho makali kwa fokasi, sura yako ya *leo*, ukinyoa au ukibadili nywele, piga nyingine. Kuondoa chunusi ya jana ruksa, kulainisha ngozi nzima hapana, kwa sababu ukiingia mlangoni wanataka kumwona aliye kwenye picha. Wasifu wa ukurasa mmoja: urefu, umri unaoweza kuuigiza, kazi ulizofanya na nafasi yako, mafunzo, ujuzi. Ukiandika unapanda farasi, siku moja utapewa farasi. Cha tatu ni video ya vipande vyako vya kazi, dakika moja hadi mbili, kipande bora kitangulie na uso wako uonekane ndani ya sekunde tano za mwanzo. Ule mkusanyiko wa picha za haraka na muziki juu yake ufute. Usiweke pia sini ambamo mwenzako ndiye anang'ara, wataulizia namba yake.

Filamu za wanafunzi ndizo njia ya kupata hivyo vipande, ila kubaliana kwa maandishi *kabla ya kushuti*: utapewa nakala ya sini zako, na lini. Bila hivyo mwanafunzi anahitimu, diski inapotea, nawe unabaki na kumbukumbu.

Ukifika kwenye mkataba wa kazi yenyewe, soma haya kwanza: siku ngapi na saa ngapi kwa siku, masaa ya ziada yanalipwaje, picha yako itatumika wapi na kwa muda gani. Tangazo la biashara mara nyingi linakufunga usifanye la mshindani. Kufungwa huko kuwe na tarehe ya mwisho na kuwe na malipo yake. Sini za faragha ziandikwe waziwazi, nini kitaonekana na nini hakitaonekana, kabla ya siku ya kazi. Na tafuta kifungu kinachoruhusu kutengeneza nakala ya kidijitali ya sura au sauti yako. Ni moja ya mambo yaliyowafanya waigizaji wa Marekani wagome kwa siku 118 mwaka 2023, kwa hiyo usidhani ni maneno ya kujaza karatasi. Ukikikuta kiko wazi bila mipaka, omba kiandikwe kwamba ni kwa filamu hiyo tu na kwa idhini yako kila mara.

Jukwaa_Kwanza:

Nijibu la chuo. Inawezekana bila chuo, haiwezekani bila mafunzo. Chuo kinakupa miaka mitatu ya kushindwa mbele ya watu walewale kila siku, pamoja na sauti na mwili, vitu ambavyo mtu hajifunzi kwa kutazama video. Usipoweza, chukua darasa la kila wiki na kikundi cha tamthilia cha mtaani kwako. Kabla ya kulipia darasa omba ukae utazame kipindi kimoja, uhesabu: kila mwanafunzi kasimama na kufanya kazi mara ngapi? Darasa la watu thelathini ambalo mwalimu anasimulia maisha yake, acha. Mwalimu akitaja Stanislavski au Meisner, walimu maarufu wa mbinu za uigizaji, usivutwe na jina, angalia kama wanafunzi wanabadilika kati ya jaribio la kwanza na la pili.

Andaa pia monolojia (maneno marefu ya mhusika mmoja) mbili, moja ya kuchekesha na moja nzito, kila moja isizidi sekunde 90, za mhusika wa umri wako. Chagua zile ambazo mhusika anamwambia mtu jambo sasa hivi, anataka kitu. Zile za kusimulia yaliyopita zinalala. Na soma tamthilia nzima, maana swali la kwanza baada ya kumaliza linaweza kuwa "kwa nini anasema hivyo?"

Ushauri wangu wa jumla ni jukwaa kwanza, kamera baadaye. Anayeweza kushika watu mia kwa saa moja na nusu bila kukatwa, kamera itamrahisishia.

Lenzi_Moja:

Hapo mkuu sikubaliani sana. Waliotoka jukwaani wengi wanakuja na sauti ya safu ya mwisho, nyusi zinacheza, na kamera iko mita moja. Sauti iwe ya umbali wa mtu unayeongea naye, basi. Na kuna mambo ambayo jukwaa halimfundishi mtu.

Sini hazishutiwi kwa mpangilio, kwa hiyo andika juu ya kila ukurasa mhusika katoka wapi sekunde moja kabla. Ukinyanyua kikombe kwenye neno "kesho", kinyanyue kwenye neno hilo hilo kila mkirudia, kwa mkono ule ule, vinginevyo mhariri hataweza kuunganisha na kipande chako kizuri kitatupwa. Picha ya karibu ikichukuliwa, usimwingilie mwenzako maneno kama hujaambiwa, sauti zikipandana hazitenganishiki.

Halafu alama ya sakafuni, ile inayoonyesha pa kusimama. Ukifika pungufu ya hatua moja uko nje ya fokasi, na ukitazama chini kuitafuta sini imekufa. Simama juu ya alama, rudi kinyumenyume hadi unapoanzia ukihesabu hatua, kisha uje mbele kwa hesabu ile ile. Fanya mara tatu wakati mafundi wanapanga taa, mguu utaijua. Fanya zoezi hilo nyumbani kwa utepe wa gundi huku ukisema mistari yako ya hizo kurasa mbili.