VS Code inachelewa kulinganisha mafaili mawili ya CSV, nifanyeje?

kibodi_mbovu
Wakuu, habari za mchana. Nina mafaili mawili ya CSV (jedwali la maandishi, safu zinatenganishwa kwa koma) yaliyotolewa kwenye database moja, la jana na la leo. Kila moja lina mistari kama laki mbili. Nikiweka Compare Selected (amri ya kulinganisha mafaili mawili), VS Code, kihariri changu cha kodi, inavuta weee, mwisho inaniambia ulinganishaji umekatishwa kabla ya muda, na karibu faili zima limejaa nyekundu na kijani. Najua rekodi zilizobadilika ni chache sana. RAM ni GB 16. Ninunue nyingine?

mzee_wa_tamino
Ingia settings, tafuta diffEditor.maxComputationTime. Imewekwa 5000, yaani sekunde 5. Weka 0, haitakatisha tena.

fundi_seva
Haitakatisha, ila atasubiri mpaka magharibi. Kinachochosha hapo ni wingi wa tofauti kuliko ukubwa wa faili. Algoriti ya Myers ya 1986 ya kutafuta tofauti, ambayo hata Git (programu ya kutunza matoleo ya kodi) huitumia, inakwenda haraka mafaili yakifanana, na inaelemewa tofauti zikizidi. Mkuu, hebu tuwekee mstari mmoja kutoka kila faili, wenye ID ileile.

kibodi_mbovu
La jana, mstari wa 12:
`1042,Temeke,45000,07:31:15`
La leo, mstari wa 88310:
`1042,Temeke,45000,08:02:44`

fundi_seva
Umeona? Query yako (maagizo unayoipa database) haina ORDER BY, amri ya kupanga rekodi, kwa hiyo database inatoa rekodi kwa mpangilio wowote inaotaka. Halafu hiyo safu ya mwisho ni saa ya kutoa ripoti, inabadilisha kila mstari hata kama mteja hajaguswa. Itoe kwenye SELECT (orodha ya safu unazoomba), weka ORDER BY id, toa mafaili upya.

kibodi_mbovu
La leo naweza. La jana siwezi, data imeshabadilika.

dada_data
Basi fanya hapohapo kwenye mafaili yote mawili. Futa safu ya saa: Ctrl+H, washa regex (kutafuta kwa ruwaza), tafuta `,[^,]*$` (yaani koma ya mwisho na kilicho baada yake), replace iache tupu. Kisha Ctrl+Shift+P, Sort Lines Ascending. Mstari wa vichwa utashuka chini kabisa kwa sababu unaanza na herufi, usishtuke. Na 10 itakaa juu ya 9, lakini ni hivyohivyo pande zote. Fanyia kwenye nakala, tafadhali.

kibodi_mbovu
Imefunguka papo hapo! Tofauti 37 tu. Asanteni sana, RAM naiacha dukani.

mzee_wa_tamino
Na ile 0 irudishe 5000.