Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kudarizi, kwa mkono au kwa cherehani?

Mama_Nyuzi

Habari za muda huu wadau wa sindano. Naomba leo sisi tunaodarizi tusimuliane tulivyoanza, maana wanaoniuliza ni wengi na mimi njia ninayoijua ni ile niliyopita mwenyewe tu. Sihitaji zile za "soma miezi mitatu utakuwa fundi". Nataka ulianzia kwa nani, kitambaa gani kilikuharibikia, na siku gani mkono ulianza kukutii. Naanza mimi.

Nilijifunza kwa mama mkubwa, Dodoma, nikiwa nasubiri matokeo ya form four. Yeye alikuwa anadarizi vitambaa vya makochi na mashuka, mkono mtupu, jioni baada ya kutoka shamba. Wiki mbili za kwanza hakunipa ua hata moja. Alinichorea mistari ya penseli kwenye kipande cha marikani, kwanza iliyonyooka halafu ya mawimbi, nikawa natembeza mshono wa mnyororo juu yake, basi. Nikimaliza anageuza kitambaa anaangalia nyuma, mbele wala haangalii. Akikuta mafundo, au uzi umeruka kutoka ua moja hadi lingine kwa kivivu, anachukua mkasi anafumua yeye mwenyewe ananirudishia. Iliniuma sana, kuna siku nililia. Ila mpaka leo nikipokea kazi ya mtu nageuza nyuma kwanza, ndo naijua.

Shida ikaja nilipohamia kwenye cherehani. Yangu ni ile nyeusi ya miguu, ya kawaida kabisa, na nilishaambiwa inadarizi vizuri tu. Nikatoa futi (kile kiguu kinachokandamiza kitambaa), nikafunika meno yanayosukuma kitambaa kwa bamba kwa sababu ya kwangu meno hayashuki, nikabana kitenge kwenye fremu, nikaanza. Inashona hatua tatu inaruka, inashona inaruka, mara sindano pwaa imekatika. Kumbe fremu nimeiweka kama ya mkono! Kwa mkono kitambaa kinakaa juu ya duara kama ngozi ya ngoma. Kwa cherehani unaigeuza ile ngoma itazame chini, kitambaa kilale kabisa kwenye bamba na wewe unafanya kazi ndani ya duara. Nilipogeuza ikaacha kuruka, lakini chini kukaanza kujaa uzi kama kiota cha ndege. Nikafungua shato, pale bobini inapokaa, nikasafisha, nikabadili sindano, nikakaza tensheni mpaka uzi ukawa unakatika wenyewe, siku tatu nzima nahangaika. Akaja fundi jirani, akaangalia kidogo, akashusha ile liva ya nyuma inayoshusha futi. Basi. Mimi nilijua futi ikishatoka liva haina kazi tena, kumbe ndiyo inayofanya uzi wa juu ubanwe, ukiiacha juu uzi unamwagika wote bila breki. Kama kuna mtu sasa hivi analia na kiota, tafadhali kaangalie hiyo kwanza kabla hujashika bisibisi.

Karibuni.

FundiGoti

Dada umenigusa hapo kwenye liva, nimeona wengi wameuza cherehani nzima kwa sababu hiyo.

Mimi nimelelewa na darizi, Kariakoo, kwenye ile mashine ya zigizaga yenye liva ya goti. Miezi minane sijaigusa. Kazi yangu ilikuwa kujaza bobini, kukata nyuzi zinazoning'inia, kupiga pasi na kufagia, ila macho yangu yote yalikuwa kwenye goti la fundi. Ukiangalia jani la darizi linaanza jembamba, linanenepa katikati, linaisha jembamba tena, watu wanadhani ni mikono. Ni goti. Unavyosukuma liva upana wa mshono unaongezeka, unavyoachia unapungua, huku mguu unaendesha mwendo na mikono inapeleka fremu, vitu vitatu kwa wakati mmoja na hakuna hata kimoja kinachosubiri mwenzake.

Nilichokuwa nafanya nyumbani usiku, na nawaambia wanafunzi wangu wote wafanye hivyo hivyo: shika kalamu wima juu ya karatasi, kalamu isitembee kabisa, tembeza karatasi uandike jina lako. Mwanzo linatoka kama la mtoto wa chekechea. Endelea. Sindano ya cherehani haitembei, inapanda na kushuka palepale, kitambaa ndo kalamu yako kwa hiyo akili lazima izoee kuchora kwa kusogeza karatasi. Siku jina langu lilipotoka linasomeka vizuri, kesho yake nikamwambia fundi niko tayari, akanipa kipande cha kitenge chakavu na uzi mwekundu. Nikachora majani sita, la tano lilikuwa jani kweli. Alilikata akaliweka kwenye droo ya mashine, akaja kunipa siku naondoka kwenda kufungua ofisi yangu. Ninalo mpaka leo.

Kilichoniharibikia sasa. Nilipewa sare za harusi, vitenge vipya kutoka dukani, bado vigumu na ile wanga yake. Sikuloweka. Nikapiga darizi shingo na mikono, zikatoka nzuri mno, mama wa bwana harusi akanisifia mbele za watu. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza zikarudi mbili: kitambaa ni pamba kimesinyaa, uzi wangu ni poliyesta haujasinyaa hata kidogo, shingo imekunjamana kama uso wa mzee. Nilinunua vitenge vingine viwili kwa hela yangu nikarudia bila kulipwa. Tangu siku ile kitenge hakipandi kwenye fremu yangu kama hakijalowekwa, kikakauka na kupigwa pasi. Mteja akisema ana haraka namwambia aniletee siku moja kabla.

bi_kiua

Assalaam alaykum. Mie natokea Unguja, nnatunga kofia, sijui kama na sie tumo humu 😊

Nimefunzwa na bibi yangu mzaa mama baada ya skuli. Kofia ya viua ina vipande viwili, cha juu cha mviringo na ule ukanda wa pembeni, vyote vimeshachorwa na mchoraji, kazi yangu ni kutoboa kila kitundu kwa sindano nene na kukizungushia uzi kando mpaka kiwe jicho. Ndo kiua hicho. Kofia moja ina viua vingi mno, na vyote viwe sawasawa, kimoja kikiwa kikubwa jicho la mnunuzi linakwenda palepale. Kofia yangu ya mwanzo ilinichukua takriban miezi mitatu, kwa sababu bibi alikuwa akinipa mstari mmoja kwa siku hanipi wa pili. Akisema mkono ukichoka unavuta uzi kwa nguvu na kitundu kinapinda.

Kofia ni nyeupe na uzi mweupe, basi siku moja nikajichoma kidole na tone la damu likadondokea pale katikati juu. Nikakimbilia maji. Bibi akanishika mkono, akanambia tia mate yako mwenyewe sasa hivi, papo hapo kabla halijakauka, usugue kwa pamba kidogo kidogo. Likatoka lote. Nimelijaribu mara nyingi tangu hapo na linafanya kazi damu ikiwa mbichi, ikishakauka ni shida.

Sikuhizi kuna za mashine, bei chini, na siwalaumu wanunuzi. Lakini mtu aliyezoea kofia ya mkono ukimpa ya mashine anaipitishia kidole tu kwenye viua anakurudishia. Na kitambaa cha rangi nimeanza mwaka jana, kutunga kwa uzi wa kahawia na wa zafarani, nnaona vijana wanazipenda ziende na kanzu ya rangi. Kwa rangi makosa yanaonekana zaidi kuliko nyeupe kwa nyeupe, nimelazimika kurudi kwenye mstari mmoja kwa siku.

Msafiri_Maskati

Wa alaykum salaam bi_kiua. Huku Omani tunavaa kumma ambayo ukiiweka na kofia ya viua unaona ni ndugu wa tumbo moja. Marehemu mama alizaliwa Unguja, alikuja huku na sindano zake, na mpaka macho yalipomkataa alikuwa akikaa na majirani zake baada ya alasiri wanatunga na wanazungumza Kiswahili. Mie sikujifunza, kwa ujinga wa kudhani ni kazi ya wanawake. Binti yangu ndo anajifunza sasa kwa shangazi yake. Naomba picha za viua vya zafarani ukipata nafasi.

Otieno_beji

Mimi story yangu ni tofauti, mko na mikono, mimi nilianza na mashine ya kompyuta hapa Nairobi, tulikuwa tunapiga beji za sweta za shule. Mtu anafikiria hiyo ni kubonyeza tu. Si kubonyeza. Mtu wa disaini lazima aambie mashine kila mshono uelekee wapi, uwe karibu na mwenzake kiasi gani, na ukikosea hapo mashine inakosea kwa spidi ya mishono mia nane kwa dakika, utapata hasara kabla hujafika kwa swichi ya kuzima.

Kwa sweta tulikuwa sawa, halafu bosi akaleta oda ya magauni ya kitenge. Tulitumia faili ileile ya beji, mishono imebanana vile inafaa kitambaa kizito. Kitenge kikatoboka toboka kwa ukingo wa ua mpaka unaweza kutoa hiyo ua kama stika. Ikabidi nijifunze kupunguza wingi wa mishono na kuweka karatasi ngumu chini, mara mbili kama kitambaa ni chepesi. Kile kilinisaidia sana ni mama mmoja pale soko anadarizi kwa mkono, nilienda nikakaa naye Jumamosi kadhaa. Nilikuwa naangalia uzi wake unalala upande gani kwenye jani, huwa anaulaza kwa mshazari kufuata mshipa wa katikati. Nikarudi nikaambia mashine ifanye vivyo hivyo. Kabla ya hapo majani yangu yote yalikuwa yamelala kama mbao.

tetroni_za_mama

Mi mashuka. Nafanya kazi ya zamu, usiku kukitulia nadarizi. Nilijifunza mwenyewe kwa kuangalia shuka la dada yangu upande wa nyuma (Mama_Nyuzi nimekuelewa sana 🙏). Mawili matatu ya haraka: ule uzi wa kudarizi wa kishada una nyuzi sita ndani yake, usitumie zote, tumia mbili kwa vitu vidogo, tatu kwa petali, na unapozitenganisha vuta moja moja kwenda juu, ukivuta mbili kwa pamoja zinasokotana. Urefu usizidi kiganja mpaka kiwiko na kidogo, ukiona uvivu kuweka uzi mara kwa mara ukaweka mrefu unachakaa kabla haujaisha na rangi inakuwa imefifia mwishoni. Na uzi mwekundu wa bei rahisi lowesha pamba usugue kabla uone kama unatoa rangi, niliwahi kutoa shuka jeupe lenye waridi nikafua likawa pinki lote. Mteja alikuwa mstaarabu ila hakurudi tena.

Neema_anaanza

Mimi ndo naanza. Nililipia mafunzo mahali fulani, sitapataja, tukaahidiwa mashine tukakuta moja kwa watu kumi na nane, nikaacha. Nina cherehani ya nyumbani na vitenge vitatu vyenye maua makubwa, nataka kuweka darizi shingoni kwenye gauni. Nianzie wapi? Na nikate gauni kwanza au nidarizi kwanza?

Mama_Nyuzi

Neema pole sana kwa hiyo hela. Darizi kwanza, mdogo wangu, kukata baadaye. Chora shingo kwa kipande cha sabuni kwenye kitambaa kizima, weka gamu nyuma (kile kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi), bana fremu, darizi, piga pasi kwa nyuma ukiwa umeweka taulo chini ili nyuzi zisilale, ndo ukate. Mimi nilikata kwanza mara moja, shingo ikavutwa na fremu, ikafunguka mpaka mabegani, gauni likaishia kuwa sketi ya mtoto.

Na kwa maua makubwa usiongeze ua lingine juu, vitapigana. Kiangalie kitenge chako vizuri, tafuta ile rangi iliyopo kidogo kuliko zote, labda kuna kijani kinachoonekana kwenye vikonyo tu, nunua uzi wa rangi hiyo ufuate mistari ya maua yaliyokwisha chapwa, ukingo tu, usijaze ndani. Kwa mwanafunzi ni rahisi kwa sababu mchoro unao tayari, na likivaliwa linatokeza utadhani ua limenyanyuka kitambaani.

FundiGoti

Naongezea kwa Neema, uzi wa dhahabu usiuguse bado. Unakatika hovyo, unataka sindano yenye tundu kubwa na mwendo wa pole, utakukatisha tamaa bure.

Neema_anaanza

Asanteni mno. Nimeangalia kitenge cha kwanza, rangi iliyopo kidogo ni chungwa, iko kwenye jicho la ndege tu. Nimeanza na jina langu kwenye karatasi kama fundi alivyosema, herufi N imetoka, E bado inapinda.

bi_kiua

E huwapindia wote Neema. Ifanye polepole, anza na ule mgongo wake kwanza halafu mikono mitatu. Msafiri picha naziweka kesho inshallah kukiwa na mwanga.