Wazazi wa watoto wenye usonji: virutubisho na vipimo vya madini, tupeane uzoefu

Baba Imani (mtoa mada)
Habari zenu wazazi wenzangu. Nina kijana wangu wa miaka 5 ana usonji, maneno anayo machache sana, ila kinachotutesa zaidi ni kula, anakula vitu vinne tu na vyote lazima viwe vikavu na vya rangi ileile, ukibadilisha hata sahani basi siku hiyo hali kabisa. Usingizi nao wa vipandevipande, anaamka saa nane usiku ndo mpaka kunakucha. Sasa tumeunganishwa na mtu anajiita mtaalamu wa lishe, katuambia tukate nywele za mtoto zikapimwe madini karibu 40, majibu yakirudi tutapewa saplimenti za kufidia yaliyopungua na nyingine za "kutoa sumu". Mama Imani ameshakubali. Mimi nasita, na huku nasita huku naogopa, je kama kweli kuna kitu kingemsaidia mtoto halafu mimi baba yake ndo nikakizuia? Naombeni waliopima, waliotoa, waliosimamisha, mseme yaliyowakuta. Msinifichie kitu.

Mama Pacha
Pole kaka, hiyo hofu yako naijua mpaka harufu yake. Mimi nywele nilipima. Nina mapacha wa kufanana na mmoja ana usonji, majibu yalivyorudi yanasema zinki iko chini sana, shaba iko juu, zebaki nayo ipo, nikalia wiki nzima. Baadae roho ikawa haitulii, nikakata nywele tena, kichwa kilekile siku ileile mkasi uleule, nikazigawa mafungu mawili nikatuma fungu moja kwa jina lake na jingine kwa jina la pacha mwenzie. Yakarudi majibu ya watoto wawili tofauti! Mmoja anahitaji zinki, "mwingine" zinki imezidi. Kichwa kimoja jamani.

Ndo nikaanza kusoma, kumbe hili jambo limejulikana zamani sana. Mwaka 1985 daktari mmoja Marekani alituma nywele za mabinti wawili wenye afya zao kwenye maabara 13, majibu hayakufanana. Mwaka 2001 wengine wakarudia, nywele za mtu mmoja tu mzima kwenye maabara 6, na madini 12 yakatofautiana zaidi ya mara 10 kati ya maabara iliyotoa kiwango cha juu na ya chini. Nywele zinabeba shampuu, vumbi, maji ya kuogea, na kila maabara ina kiwango chake cha kuita "kawaida". Mimi siwezi kumpa mwanangu dozi kwa karatasi ya namna hiyo tena.

Bibi wa Wanne
Mimi nalea mjukuu, ana miaka 6. Alikuwa anatafuna udongo, anabandua rangi ya ukutani anakula, tukawa tunaambiwa "ndo usonji wenyewe huo" nikakubali maana mimi nilijua nini? Mpaka daktari mmoja mdogo wa umri akaniuliza bibi, huyu ameshapimwa ferritini? Nikasema damu tulipima akaambiwa anayo ya kutosha. Akanieleza kwamba wingi wa damu ni kitu kingine na akiba ya madini ya chuma, ambayo ndo ferritini inaipima, ni kitu kingine, akiba inaweza kuisha kabisa kabla wingi wa damu haujaonyesha shida, na akiba ikiisha mtoto anaweza kulala vibaya, miguu haitulii kitandani, na kutamani vitu visivyoliwa. Ya mjukuu wangu ilikuwa 7. Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 12 kwa aliye chini ya miaka 5, na chini ya 15 kwa wakubwa zaidi ya hapo, kuwa ni upungufu. Akasema pia tukapime mtoto akiwa hana homa wala maambukizi maana akiumwa ferritini inapanda ya uongo.

Na kwa sababu ya ile rangi ya ukutani, maana rangi nyingine zina risasi na ni sumu, akapima madini ya risasi, ya DAMU sio ya nywele. Ikatoka 6, na hapo kuanzia 5 wanasema tafuteni inakotoka muiondoe. Rangi ikafunikwa yote, na mtoto mwenye upungufu wa chuma mwili wake unanyonya risasi zaidi, kwa hiyo vyote viwili vilikuwa vinasukumana. Amekunywa dawa ya chuma miezi mitatu, udongo ameacha, analala. Kuongea bado vilevile, niseme ukweli, wala sikuahidiwa kwamba ataongea. Lakini mtoto aliyelala ni mtoto mwingine kabisa asubuhi.

Upepo
Mimi naandika kwa uchungu. Nilimpa wangu vitamini B6 na magnesi kwa miaka miwili kasoro, nilisoma kwamba tangu miaka ya 1970 wapo waliokuwa wanaisifu kwa usonji. Nilikuja kujua baadae kwamba majaribio yalivyokusanywa na kupitiwa mwaka 2005 hayakutosha kumwambia mzazi ampe mtoto. Shida yangu haikuwa kopo moja, ilikuwa makopo matatu, la B6 lenyewe, multivitamini, na poda ya "ubongo", na yote matatu yana B6 ndani na hakuna siku niliyokaa nikajumlisha. Mwanangu akaanza kujikwaa, anatembea kama sakafu inamchoma, vikombe vinamponyoka. B6 ikizidi muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu, hilo limeandikwa tangu 1983 kwa watu wazima, lakini mtu mzima atasema nahisi ganzi, mwanangu hasemi. Aliniambia kwa kuanguka.

Marekani ukomo wa umri wa miaka 4 hadi 8 ni miligramu 40 kwa siku, Ulaya mwaka 2023 wameshusha mpaka 12 kwa mtu mzima, sisi jumla yetu ilikuwa zaidi ya 100. Tulisimamisha, imechukua miezi mingi, sasa anatembea vizuri. Mwenye makopo nyumbani naomba leo hii uyapange mezani usome nyuma ya kila moja ujumlishe. Zinki pia, ikizidi muda mrefu inapunguza shaba mwilini na damu inapungua. Vitamini A na D nazo mwili hauzitoi kirahisi, zinarundikana.

Mama Tulia
Mimi natofautiana kidogo na mnisamehe. Wangu nampa multivitamini na mafuta ya samaki mwaka wa pili huu na nimeona tofauti, ametulia, ananiangalia. Mama anamjua mwanae, msituvunje moyo.

Mama Pacha
Dada Tulia hakuna anayekuvunja moyo, na mtoto anayekula vitu vichache multivitamini ya dozi ya kawaida wengi wetu tunatoa, hata mimi. Ninachokuambia ni kitu kilichonigusa sana. Mwaka 1999 walijaribu homoni inaitwa sekritini iliyokuwa inasifiwa kwa usonji, watoto wengine wakachomwa yenyewe wengine maji ya chumvi tu, wazazi hawajui nani kapata nini. Makundi yote mawili yakaonekana kuendelea vizuri, karibu sawasawa. Na wazazi walipoambiwa dawa haijaizidi chumvi, karibu 7 kati ya 10 walisema bado wanaitaka. Mimi nisingewacheka hata kidogo, ningekuwa mmoja wao. Watoto wetu wanakua, wana miezi mizuri na miezi mibaya, na tunaanza kopo jipya mwezi ule mbaya. Siku hizi nikitaka kujaribu kitu nabadilisha kimoja tu, mwalimu simwambii, namuomba tu aniandikie kila siku amekaaje. Mara mbili mwalimu hakuona chochote wakati mimi nilikuwa naapa nimeona.

Nesi Mstaafu
Baba Imani, kwenye maelezo yako neno lililonishtua ni "kutoa sumu". Waulize ni dawa gani. Kuna wanaompa mtoto dawa ya kuvuta metali ndipo wanapima mkojo, na mkojo wa mtu yeyote aliyepewa dawa hiyo utaonyesha metali zimepanda, halafu wanalinganisha na viwango vya watu ambao hawakupewa. Lazima utafeli. Dawa hizi ni za sumu iliyothibitishwa na damu, hospitalini, chini ya uangalizi. Mwaka 2005 Marekani mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alikufa akiwekewa moja ya dawa hizo kwa mshipa, kalsiamu yake ilishuka moyo ukasimama. Mwaka 2013 Uingereza kwenye mwongozo wao wa usonji kwa watoto wakaandika wazi kwamba zisitumike kwa usonji. Hapo mimi sina maneno laini.

Kimya Kimya
Sio mwandikaji ila hii nimeona niiseme. Wangu akiwa na miaka 7 aliacha kutembea. Ghafla tu, ukimsimamisha analia. Picha za mifupa, kichwa, uti wa mgongo, wiki tatu tunazunguka. Fizi zilikuwa zinatoka damu tukadhani hapendi mswaki. Mwisho daktari mmoja akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza, anakula nini. Tukamwambia vitu vitatu, hakuna tunda hakuna mboga tangu ana miaka 3. Ilikuwa upungufu wa vitamini C, ule ugonjwa wa mabaharia wa zamani. Alianza kunyanyuka ndani ya siku chache za dawa. Kwa hiyo mimi saplimenti sizipingi, zilimsimamisha mwanangu kwa miguu yake, napinga kupewa bila kuuliza anakula nini. Andika kila anachoweka mdomoni siku 7 nenda nayo kwa daktari wa watoto, atajua apime nini kwenye damu. Macho pia, vitamini A ikikosekana miaka mingi watoto wa hivi wameshapoteza uwezo wa kuona.

Baba Imani (mtoa mada)
Nimerudi wapendwa, samahani kwa kimya cha wiki mbili. Nilimsomea mama Imani yote usiku mtoto alipoamka saa zake zilezile. Alilia, akaniambia kitu sijakisahau, kwamba hakudanganywa na yule mtu, alichoka tu kuambiwa "subirini atabadilika", na yule ndo alikuwa wa kwanza kumpa kitu cha kufanya. Nywele hatujatuma. Tuliandika chakula siku 7, tukaenda, wakampaka dawa ya ganzi mkononi saa moja kabla ya sindano, tulimshika wawili na ilikuwa ngumu lakini imepita. Ferritini 9, vitamini D iko chini, risasi 2, vingine vizuri. Kapewa matone ya chuma na vitamini D.

Sasa swali jingine. Matone yana ladha ya msumari, anatema. Nichanganye kwenye moja ya vile vyakula vyake vinne asijue?

Bibi wa Wanne
Usithubutu mwanangu! Atajua, na atakikataa kile chakula moja kwa moja, utabaki na vitatu. Mimi nilipoteza maziwa hivyo na hayajarudi mpaka leo. Omba sirinji isiyo na sindano, pitishia pembeni ya shavu kidogokidogo, maji ya matunda baada yake kama anakubali, maziwa mbali na dawa maana yanazuia chuma kuingia. Mpe wakati uleule kila siku na kitu anachokipenda kifuate hapohapo. Meno yatakuwa meusi kidogo, mpige mswaki, yanarudi. Na hiyo chupa ifungie juu kabisa, ya chuma mtoto akiinywa yote ni hatari kubwa.

Baba Imani (mtoa mada)
Shikamoo bibi, na asante. Sirinji tunayo. Tunaanza kesho baada ya kuoga, hapo ndo huwa ametulia.